Utume wa Kila Siku: Anza na Njia Unayopita

Charles Lwanga, mfiadini wa Uganda, hakuwa padri. Alisimamia vijana waliohudumu katika kasri la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, akawafundisha dini palepale kazini, mpaka alipochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Lakini ukitaja utume leo, wengi hufikiria hema, spika kubwa na mhubiri aliyetoka mbali. Wewe mwenye kibanda Busia, au pikipiki Arua, au shamba huko Nakivale, fanya hivi.

Chagua mahali pamoja unapopita angalau mara tatu kwa wiki: steji, kisima, mstari wa vibanda sokoni. Andika majina matano ya watu wa hapo. Usizidishe, ukiandika ishirini, baada ya mwezi utakuwa unaombea karatasi. Mbele ya kila jina andika jambo moja unalolijua: mtoto anayeumwa, kodi ya chumba, mihogo iliyooza. Huna la kuandika? Basi salamu zako ni za haraka mno. Uliza habari za nyumbani, kisha nyamaza usubiri jibu.

Kabla ya kutaja jina la Yesu mbele ya hao watano, kagua kipimo chako. Maharage na karanga hupimwa kwa kikombe cha Tumpeco, na kikombe kilichogongwa kitako kikaingia ndani huiba kidogo kila mara. Wateja wanakijua, hata wasiposema. Jaza maji kikombe kipya, yamimine ndani ya chako. Yakimwagika, nunua kingine leo. Kwa mizani, angalia mshale usimame kwenye sifuri kabla hujaweka kitu.

Kuna deni la zamani? Walokole, Wakristo wa uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930, walijulikana kwa kurudisha walichoiba, na hilo liliwashtua majirani. Nenda na pesa mkononi, taja kiasi, omba radhi, usijitetee. Kama hazijatimia, peleka ulizonazo na utaje tarehe ya zilizobaki. Ukienda na maneno matupu, umeongeza deni.

Msibani ndipo watu hupima Ukristo wa mtu. Mabugo, yaani mchango wa rambirambi, toa, ndiyo, lakini daftari la mabugo halichoti maji. Fika kabla ya saa moja asubuhi na madumu mawili ya lita 20, au mzigo wa kuni, uende moja kwa moja jikoni, si kwenye viti. Osha masufuria. Usihubiri usipoombwa. Kosa kubwa ni kuishia siku ya mazishi. Rudi baada ya wiki mbili, turubai likiwa limeondoka na wageni wamekwenda, kwa kuwa mara nyingi ndipo ndugu wa marehemu huanza kusogeza mpaka wa shamba. Mjane akitaka kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), msindikize, na kila mlichokubaliana kiandikwe na kutiwa sahihi. Mwanamume asiende peke yake; aende na mke wake au dada wa kanisani, la sivyo maneno yatamwangukia mjane, si yeye.

Siku moja mtu atakuuliza kwa nini unajisumbua. Jibu kwa dakika mbili: ulivyokuwa, Kristo alivyokugeuza, na unakopambana hadi sasa. Usiongeze dhambi ambazo hukufanya ili ushuhuda upate chumvi. Akikubali kuombewa, omba papo hapo, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa "nitakuombea" nyingi hufia njiani. Muulize pia anapenda lugha gani: Kiswahili hutosha kwa bei, lakini penye machozi mtu hurudia lugha ya mama yake.

Linaloharibu kazi hii upesi ni umbea uliovikwa sala. "Tumwombee fulani, ameanza kunywa tena," inasemwa kwenye kikundi, na kabla ya jioni steji nzima inajua. Omba bila kutaja jina, au pata ruhusa kwanza. Linalofuata ni pesa: ukikopesha rafiki wa utume, atakukwepa siku ya kulipa. Toa kidogo usichokidai, mara moja, kisha msaidie kwa mikono.

Jirani yako akiwa Mwislamu, usiseme vibaya juu ya dini yake hata akiwa hayupo. Ukimkaribisha Krismasi, usimpikie kwanza halafu uanze kumhakikishia nyama ni halali. Mpelekee kuku akiwa hai asubuhi, akuchinjie mwenyewe, na sufuria liwe lile ambalo halijawahi kuingia nyama ya nguruwe.