Kusoma umri wa nyota ukiwa Dunga

Mimi ni mama omena, yaani muuza dagaa, hapa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, Kisumu. Usiku wangu mwingi ni wa kungoja mitumbwi, ndiyo maana anga naijua kuliko runinga. Ukitaka kujua nyota inavyozaliwa na kuzeeka, njoo Januari, saa tatu usiku, mwezi ukiwa haupo.

Zima simu, ukae dakika 20 macho yazoee giza. Tazama mashariki, mji uwe kushoto kwako, na ziwa liache kabisa. Giza la namna hii ndilo la omena, taa za wavuvi zimejaa majini. Siku ya kwanza kuazima darubini nilimwonyesha mpwa wangu nyota nzuri ya manjano, tukaisifu weee, mpaka tukaisikia injini yake.

Juu mashariki tafuta nyota tatu zilizopandana kama vipago vya ngazi iliyolala kidogo. Huo ni mkanda wa Jabari, yaani kundi la nyota liitwalo Orion. Kuliani mwake kuna vinyota hafifu: upanga. Egemeza viwiko kwenye ukingo wa mtumbwi, la sivyo mikono itatetemeka, kisha elekeza darubini hapo. Utaona ukungu, kama mtu amepulizia kioo pumzi.

Hapo ndipo wodi ya wazazi, umbali ambao nuru huuchukulia miaka 1,300 hivi kuumaliza. Ni hidrojeni nyingi na vumbi. Pale wingu linapokuwa zito, huvuta gesi ya jirani, likajikunja, na kadiri linavyobanwa ndivyo linavyopata moto. Kiini kikifika nyuzi joto milioni 10 hivi, hidrojeni huanza kuungana na kuwa gesi nyingine, heli. Moto huo husukuma kutoka ndani, uvutano hubana kutoka nje, vikatoshana nguvu. Nyota imezaliwa.

Sasa fuata mkanda kwenda juu. Utapita Aldebaran ya rangi ya chungwa, ufike Kilimia, kishada cha nyota, kile kile kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Ni ndugu wa wingu moja, wana miaka milioni 100 hivi. Bado wabichi.

Kushoto kwa mkanda kuna Betelgeuse, nyekundu. Rangi isome kama fundi wa jua kali anavyosoma chuma motoni: chekundu ni cha joto dogo, cheupe kimeiva. Ila usidhani wekundu ni wingi wa miaka. Betelgeuse haijafika miaka milioni 15, na tayari iko ukingoni, itakuja kulipuka. Jua letu lina miaka bilioni 4.6 na liko katikati ya umri. Nyota nene ina kuni nyingi, lakini hula kwa pupa.

Jua halitalipuka. Litavimba liwe jekundu, limwage ngozi yake, libaki kibete cheupe, yaani kiini kidogo kilichoishiwa kuni. Shuka na mkanda hadi Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku: ina mwenzake wa aina hiyo, ingawa darubini ya kuazima haitamwona.

Mawingu yakikunyima Januari, rudi Septemba saa kumi alfajiri. Jabari atakuwa mashariki tena, na omena itakuwa mbichi.