Kuziendesha Ardour na Hydrogen kwa Tempo Moja

Anayerekodi kirumbizi, ngoma ya fimbo, hapa Lamu kwa laptopu ya Linux mara nyingi hufungua programu mbili kwa pamoja: Ardour, inayohifadhi sauti za zumari na waimbaji, na Hydrogen, inayopiga ngoma za kompyuta. Akibonyeza kitufe cha kucheza huku kisha akakimbilia kule, zitaanza kwa kukaribiana tu. Tempo ikiwa mapigo 96 kwa dakika upande mmoja na 95.9 upande wa pili, baada ya dakika nne zitakuwa zimepishana kwa robo sekunde, na hapo zumari husikika kama limelewa.

Dawa yake ni JACK, programu inayoziunganisha programu za sauti ziende pamoja, iliyoanzishwa na Paul Davis, ambaye ndiye pia mwanzilishi wa Ardour. Iwashe kwanza kupitia QjackCtl, dirisha la kuiendesha JACK, kisha ndipo ufungue programu zako na kuichagua JACK kuwa njia ya sauti katika kila moja. Katika Ardour, badili chanzo cha ulinganifu kiwe JACK badala ya saa yake ya ndani. Katika Hydrogen, washa kitufe cha kufuata mwendo wa JACK. Sasa bonyeza kitufe cha kucheza kilichomo katika QjackCtl yenyewe, na zote mbili ziondoke kwa pamoja.

Wengi hukwama baada ya hapo. JACK huzieleza programu wakati wa kuanza, wakati wa kusimama na mahali zilipofika, lakini mahali hapo hupimwa kwa fremu za sauti, yaani vipande vidogo sana vya sauti vinavyohesabiwa kimoja kimoja, kwa kuwa yenyewe haijui baa (mafungu ya mapigo ya wimbo) wala mapigo. Lazima programu moja ipewe kazi ya kutangaza tempo, na iwe moja tu. Kuanzisha na kusimamisha ni ruhusa kwa yoyote, ila katika tempo manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mimi unahodha huipa Ardour, kwa sababu ngoma ikishakolea wapigaji wetu huongeza mwendo, nami huweka alama ya tempo mpya pale pale ulipobadilika. Mwenye kutunga midundo yote ndani ya Hydrogen anaweza kuipa hiyo.

Usiyaamini masikio peke yake. Pitisha mlio wa metronomu (kihesabu mapigo) ya Ardour upande wa kushoto na pigo moja kavu la Hydrogen upande wa kulia, virekodi vyote viwili, kisha kuza picha ya mawimbi kwenye baa ya 2 na ya 64. Pengo likiwa lile lile, huo ni ucheleweshaji wa sauti, na kuisogeza treki kidogo kunatosha. Likiwa limepanuka, tempo hazilingani. Rudi ukaangalie nani nahodha. Rudia jaribio ukianzia katikati ya wimbo, maana makosa mengi hujificha huko.

Kwa simu au tableti, Link, teknolojia ya kampuni ya Ableton iliyotoka mwaka 2016, hulinganisha tempo kupitia Wi-Fi bila nahodha, ingawa haisemi wimbo umefika wapi. Kinanda cha zamani hutumia saa ya MIDI (lugha ya kuunganisha vyombo vya muziki vya elektroniki), yenye mipigo 24 kwa kila noti ya robo. Mipigo hiyo huweza kuyumba njiani, kwa hiyo ni afadhali kinanda kifuate kompyuta kuliko kuiongoza.