Namna ya Kuzisoma Hoja za Elimu za Wanamageuzi Wakali wa Awali wa Marekani

Anayetaka kuelewa jinsi wanamageuzi wakali wa kisiasa walivyoifikiria elimu katika miaka ya mwanzo ya Marekani asianze na sifa za jumla za elimu, maana karibu kila mwanasiasa wa wakati ule alizitoa. Aanze kwa kuuliza nani angelipia shule na nani angenufaika nazo.

Shika kwanza andiko la William Manning, mkulima wa Billerica, Massachusetts, la mwishoni mwa miaka ya 1790. Manning mwenyewe alisema hakupata hata miezi sita ya shule, na tahajia yake inathibitisha hilo, lakini hilo lisikufanye uipite hoja yake mbiombio. Aliigawa jamii kati ya wengi wanaoishi kwa jasho lao na wachache wanaoishi bila kufanya kazi. Tulia pale anapodai kwamba wachache husifia vyuo vya gharama kubwa, ambavyo huwapatia watu wao nafasi za kuishi bila kazi, huku wakizipinga shule za bei nafuu na zile zinazofundishwa na wanawake, ambazo ndizo hasa zinazowafikishia wengi elimu. Kwake, bajeti ya shule ni uwanja wa mapambano ya kitabaka.

Kisha chunguza anachokiita maarifa. Raia anapaswa kuijua katiba, sheria na mwenendo wa wawakilishi wake, na kwa sababu hiyo alipendekeza chama cha watu wafanyao kazi chenye jarida la kila mwezi. Pendekezo hilo lisome sambamba na Sheria ya Uchochezi ya mwaka 1798, iliyoruhusu faini ya hadi dola 2,000 na kifungo cha hadi miaka 2 kwa maandishi ya uongo na ya nia mbaya dhidi ya serikali. Ndipo utaona kwa nini jarida lilikuwa kwake na uzito sawa na darasa.

Kwa ulinganisho, mwandishi Robert Coram wa jimbo la Delaware, mwaka 1791, alianzia kwenye ardhi: jamii iliyomnyima mtu ardhi inawajibika kumpa mtoto wake elimu na ufundi wa kujipatia riziki. Muswada wa sheria wa Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, kwa jimbo la Virginia mwaka 1779, uliahidi miaka 3 ya shule ya bure kwa watoto huru, wa kike na wa kiume, kisha wavulana wachache wachujwe ili waendelee. Jefferson ndiye anayetajwa zaidi, ila nadhani mchujo huo ungemtia Manning shaka. Neno “huru” nalo usiliruke, kwani liliwaacha nje watoto wa watumwa.

Mwisho, usilitumie andiko la Manning kupima maoni yaliyoenea wakati wake, kwa kuwa halikuchapishwa hadi mwaka 1922; litumie kuonyesha yale ambayo mkulima aliweza kuyawaza.