Kabla Hujafungua Kopo la Epoksi: Maandalizi ya Kugundisha Skii za Kujitengenezea

Dumu la plastiki likitoboka, fundi wa mtaani hahangaiki na gundi. Anapasha kisu moto, anayeyusha kipande cha dumu jingine na kuziba tundu, kwa sababu anajua plastiki ile haikubali gundi. Skii ni vile vibao virefu vinavyofungwa miguuni kutelezea thelujini. Soli yake, yaani ule upande unaoteleza juu ya theluji, ni plastiki ya ukoo huohuo, polithini, ila ya aina iliyo sugu zaidi. Nayo ndiyo utakayoitaka ishikane na faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo, kwa epoksi, gundi ya kuchanganya resini na kigumishi, halafu istahimili baridi na kupindwa maelfu ya mara. Maandalizi yaanzie hapo.

Soli inayouzwa kwa kazi hii huwa na upande mmoja uliopigwa msasa na kupitishwa motoni. Moto ule hauyeyushi kitu. Unabadilisha ngozi ya juu tu, ikashikana na oksijeni, na epoksi ikapata pa kujishikiza. Upande huo haushikwi kwa mkono mtupu. Jozi yangu ya kwanza niliitengeneza kwenye gereji hapa Norwei, na majira ya pili ya baridi soli ikaachia kwenye ncha ya mbele. Nilipoibandua, sehemu kubwa iling'oka na nyuzi za faiba zikiwa zimeng'ang'ania, lakini pale ilipoanzia kuachia, epoksi ilikuwa laini na inang'aa kama kioo. Katikati ya ule mng'ao palikuwa na mistari ya kidole gumba changu. Mafuta ya kidole kimoja yalitosha.

Kipimo chake ni maji. Nyunyiza matone machache kwenye kipande cha pembeni: yakitandaa, soli iko tayari, yakijikunja vitone kama kwenye jani la magimbi, epoksi nayo itakataa. Ikikataa, piga msasa upya, futa vumbi, kisha pitisha ncha ya mwali wa buluu wa gesi upesi bila kuusimamisha mahali pamoja, na ugundishe siku hiyohiyo. Asetoni na vitambaa vilivyolowa asetoni viwe vimeshatolewa nje kabla hujawasha moto.

Kingo za chuma hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu. Zikwaruze kwa msasa, uzifute kwa asetoni na kitambaa safi, ukibadilisha kitambaa hadi kisichafuke tena. Juu yake hulazwa utepe mwembamba wa mpira, nao usiuache kwa kubana matumizi: polithini hutanuka kwa joto zaidi ya mara 10 kuliko chuma, na mpira ndio unaomeza mvutano huo. Watu wengi hubandika kingo kwenye soli kwa supagluu kabla ya kuingiza kwenye presi, yaani mtambo wa kubana tabaka zote pamoja. Tone moja hapa na pale linatosha. Ikimwagika ikasambaa, ule upande ulioutunza kwa glovu umeuharibu mwenyewe.

Mbao za kiini, yaani za katikati ya skii, ziwe zimekauka vizuri, unyevu kama asilimia 8 hivi, na ziwe zimelala ndani kwenye joto siku nzima. Na usipulizie dawa yoyote ya silikoni kwenye chumba hicho, hata kwenye bawaba ya mlango, kwani nayo huzuia gundi kushika.

Sasa epoksi yenyewe. Hapa nawasihi hasa waliozoea boti za faiba au kunyoosha bodi za magari. Resini ya poliesta inakuruhusu kuongeza au kupunguza kidogo dawa ya kugandisha ili iwahi au ichelewe. Epoksi hairuhusu. Kigumishi chake ni sehemu ya gundi yenyewe, kikizidi au kikipungua, sehemu iliyokosa mwenzake inabaki mbichi milele. Tumia mizani ya kidijitali, na soma kama uwiano wa kwenye kopo ni wa uzito au wa ujazo, maana haviwi sawa. Koroga, kwangua kuta za chombo, koroga tena, kisha mimina kwenye trei pana. Ikikaa nyingi ndani ya ndoo inajipasha yenyewe na kuganda mikononi mwako. Vaa glovu kila mara, kwani mzio wa epoksi ukishakuingia hautoki.

Siku moja kabla, panga kila kitu kikiwa kikavu, kwa mpangilio wake: soli na kingo, mpira, faiba, kiini, faiba, gamba la juu. Funga presi, angalia saa, fungua. Ukitumia dakika 40 na epoksi yako inakupa 30, tafuta kigumishi cha polepole au mtu wa kukusaidia.

Presi nayo ipigiwe hesabu. Bomba la mpira la zimamoto lililojazwa upepo wa bar 3 chini ya skii ya sentimita 180 linasukuma kwa nguvu ya karibu tani 6, kwa hiyo fremu ijaribiwe ukiwa umesimama mbali. Mfuko wa kunyonya hewa haufiki hata theluthi ya hapo, lakini unabana sawasawa kote, jambo ambalo jiriwa za mkono haziwezi. Ukipasha joto, fuata kiwango cha kopo, kisha zima na uache upepo humohumo. Usifungue skii ikiwa bado ya moto. Subiri hadi kalibu, lile umbo skii ilikobanwa, irudi kwenye joto la chumba, hata kama ni kesho yake asubuhi.