Kabla ya Kuingia Majini kwa Mbio za Chali

Mwogeleaji wa chali huufuata ukuta asiouona. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mbio zake hutengenezwa mapema, na kazi ya kwanza ni bendera zilizotundikwa juu ya maji, mita 5 kutoka kila ukuta. Ukizipita, unajua umebakiza nini, lakini ikiwa tu umekwisha kuhesabu ni mikono mingapi, yaani mivuto mingapi ya mkono, inakufikisha ukutani. Usihesabu ukiogelea taratibu wakati wa kupasha mwili moto. Mkono wa mbio huvuta maji mengi zaidi, na mkono uliochoka huvuta machache. Hesabu kwa kasi ya mashindano, kisha rudia ukiwa hoi, ujue tofauti. Bwawa likiwa geni, ukaguzi huu hauna mbadala, maana bendera za mabwawa yetu wakati mwingine hufungwa kwa makadirio. Tazama pia kamba za njia: maboya ya mita 5 za mwisho huwa na rangi yake, na alama ya mita 15 huonekana.

Bwawa la wazi lina jua. Miwani ya vioo vyeusi ni ya lazima, na ulichozoea kukitazama darini hakipo, kwa hiyo jizoeze kunyooka kwa kufuata kamba ya pembeni. Mafuta ya mwili, ambayo wengi wetu hujipaka asubuhi bila kufikiri, siku hiyo yasifike viganjani wala nyayoni.

Mikono na nyayo ndizo zinazokushikilia wakati wa kuanza. Filimbi ndefu ya kwanza ni ya kuingia majini, ya pili ya kurudi ukutani na kushika vyuma vya kuanzia kwa mikono yote miwili. Ni marufuku kukunjia vidole vya miguu juu ya ukingo. Mashindano makubwa huweka kibao cha kukanyagia, na hata hapo vidole vya kila mguu lazima viguse ukuta. Pasipo kibao, jaribu mapema vigae vya njia uliyopangiwa, kwani vingine vinateleza vibaya. Ukitoka kabla ya ishara umeenguliwa. Hakuna nafasi ya pili.

Chini ya maji unaruhusiwa mita 15 baada ya kuanza na baada ya kila kugeuka. Kufikia hapo kichwa kiwe kimejitokeza. Binafsi simshauri chipukizi azitumie zote. Anayeibuka mapema akiwa na pumzi humpita anayeibuka akihema. Akishaibuka, kichwa kitulie, kiganja kiingie kwa kidole cha mwisho, na mabega yazunguke bila kufika nyuzi 90.

Kugeuka ndiko kunakoengua wengi. Ukikaribia ukuta unaweza kujigeuza kifudifudi, uvute mkono mmoja, au yote miwili kwa pamoja, mara moja tu, na mvuto huo uungane na kugeuka kwenyewe. Kosa la kawaida ni la aliyehesabu vibaya: anageuka mapema, anabaki akiteleza kifudifudi kuusubiri ukuta, na mwamuzi anainua mkono. Hata mabingwa huchunguzwa hapo. Katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, Mmarekani Aaron Peirsol aligusa wa kwanza katika mita 200, akaenguliwa kwa madai ya kosa la kugeuka, kisha akarudishiwa dhahabu kwa kuwa maelezo ya mwamuzi hayakujitosheleza. (Kwa wanawake, dhahabu ya umbali huo ilikuja Afrika, kwa Kirsty Coventry wa Zimbabwe.) Mita 200 katika bwawa la mita 25 zina kugeuka mara saba, kwa hiyo hesabu mbovu inakurudia mara saba.

Mwishoni gusa ukuta ukiwa bado chali. Tangu 2023 kanuni za dunia zinaruhusu kuzama kabisa kichwa kikishapita alama ya mita 5 za mwisho. Kocha aulize mapema kama mashindano yenu yanafuata kanuni hiyo.

Anayeogelea mitindo yote minne peke yake ana jambo moja la ziada. Akitoka chali kwenda mtindo wa chura, mguso ule huhesabiwa kama wa kumaliza: lazima awe chali mpaka aguse. Aliyezoea kujipindua kifudifudi kila akiona bendera aufanyie mguso huo zoezi la pekee, siku kadhaa kabla.