Somo: Kabla hujaomba masta ya elimu ya afya ya jamii (kwa walio Lubumbashi na jirani)

Ninaandika somo hili kwa sababu karibu kila juma ninaulizwa swali lile lile: "Nina lisansi ya ISTM (chuo cha juu cha ufundi wa tiba), ninataka kuendelea na masta ya elimu ya afya, nianzie wapi?" Nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti na hata mlangoni mwa kanisa, na kila mara nikiondoka nakumbuka jambo muhimu ambalo sikulisema. Sasa yote yapo hapa. Atakayeniuliza baada ya leo nitamwelekeza hapa, na ninaomba alisome lote kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Amua unataka kufanya kazi gani.

Masta ya afya ya jamii ina matawi mengi. Kuna anayesomea epidemiolojia na takwimu, kuna anayesomea uongozi wa zoni ya afya, fedha za afya, lishe au afya ya mazingira. Elimu ya afya na ukuzaji wa afya ni tawi moja tu, na katika shule nyingi ni tawi dogo. Ukijiandikisha kwa kusoma jina la diploma bila kutazama orodha ya masomo, unaweza kumaliza miaka miwili ukiwa hodari wa kukokotoa viwango vya maambukizi, huku hujafundishwa hata mara moja jinsi ya kuandaa mazungumzo na akina mama wa mtaa wa Katuba, wala jinsi ya kupima kama mazungumzo hayo yalibadilisha kitu.

Nieleze ninachomaanisha. Katika mitaa yetu mingi kisima kimechimbwa hatua chache kutoka chooni. RECO, wahudumu wa afya wa kujitolea wa mtaani, wamepita nyumba kwa nyumba na kitabu chao cha picha, na ukimuuliza mama yeyote atakujibu bila kusita kwamba kipindupindu hutokana na maji machafu. Hata hivyo chupa ya klorini iko juu ya kabati, imejaa, kizibo hakijafunguliwa. Ukikaa naye kidogo atakuambia kwamba maji yake ni meupe, kwamba klorini inaharibu ladha ya chai, na kwamba mume wake alikataa kunywa. Huyu mama ana ujuzi wote ambao RECO alikuja kumpa, kwa hiyo kumrudishia ujumbe ule ule kwa sauti kubwa zaidi hakutamsaidia. Kutafuta kwa utaratibu ni nini kinachozuia ujuzi usigeuke desturi, kisha kupanga kazi kulingana na jibu hilo, ndiyo taaluma tunayoizungumzia. Kama hilo linakugusa, endelea. Kama unachotaka ni cheo katika ofisi ya zoni, kuna masta nyingine zitakazokufaa zaidi, na hakuna aibu kuzichagua.

Hatua ya 2. Jua diploma yako inalingana na nini.

Katika mfumo wa zamani tulikuwa na gradua ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili juu yake. Katika mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, doktora) lisansi ni miaka mitatu yenye krediti 180, na masta ni miaka miwili yenye krediti 120. Kwa hiyo lisansi ya zamani na lisansi ya LMD hazifanani ingawa zina jina moja, na ni juu yako kuueleza mfumo wako katika dosie (faili lako la maombi), kwa sababu msomaji wa nje hatauelewa mwenyewe.

Hatua ya 3. Chagua shule tatu au nne, si kumi.

Nchini mwetu kuna shule ya afya ya umma ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ile ya Chuo Kikuu cha Kinshasa, na shule ya kikanda iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu. Usizidharau: watakaokuajiri hapa wanazifahamu, na utafiti wako utafanyika katika zoni unazozijua. Kwa Kifaransa nje ya nchi kuna taasisi ya kikanda ya Ouidah nchini Benin, Chuo Kikuu cha Senghor mjini Alexandria, na vyuo vya Ubelgiji. Kwa Kiingereza, jirani yetu wa karibu kabisa tunamsahau: Chuo Kikuu cha Zambia mjini Lusaka kina idara nzima ya ukuzaji wa afya na elimu ya afya, nawe ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa unafika kwa basi.

Kwa kila shule, fungua orodha ya masomo na utafute mambo matano: nadharia za tabia, upangaji wa programu, mawasiliano ya afya, mbinu za utafiti wa maelezo, na tathmini. Ukipata matatu, iweke katika orodha. Ukipata moja, iache hata kama jina lake ni kubwa.

Hatua ya 4. Pesa.

Hesabu ada, nyumba, chakula, bima na viza kwa miaka yote miwili kabla ya kuandika barua yoyote. Kwa Ubelgiji, ARES, taasisi inayounganisha vyuo vya juu vya Kifaransa vya huko, imekuwa ikitoa bursi (ufadhili wa masomo) kwa raia wa nchi kadhaa, Kongo ikiwamo, nayo hutangaza masharti yake kila mwaka. Barua ya kukubaliwa shuleni na barua ya bursi ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya 5. Releve za alama.

Hapa ndipo dosie nyingi zinapofia, na yangu ya kwanza ilifia hapa pia, kwa hiyo soma taratibu. Katika vyuo vyetu mwanafunzi aliyepata asilimia 66 amefaulu vizuri. Ana daraja la satisfaksyo, na huenda wengi wa promosheni yake (wanafunzi wa mwaka wake) wako chini yake, kwa sababu distinksyo huanzia 70, distinksyo kubwa huanzia 80, na kuna promosheni nzima zinazopita bila mtu hata mmoja wa distinksyo kubwa. Afisa anayepokea dosie katika nchi ambako 90 ni alama ya kawaida anaiona hiyo 66 na kuhitimisha kwamba mwombaji ni dhaifu. Hana nia mbaya, hakuna aliyemweleza. Releve yangu ilikwenda bila maelezo, na jibu lililorudi lilisema kwamba wastani wangu haufikii kiwango chao.

Dawa yake ni karatasi moja: barua ya sekretarieti ya chuo chako, yenye muhuri na sahihi, inayoeleza mizani ya alama na maana ya kila daraja, na ikiwezekana nafasi yako katika promosheni. Iombe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu anayetia sahihi husafiri, huugua, na wakati wa mitihani hapatikani.

Tahadhari nyingine za hatua hii ni hizi. Toa releve ya kila mwaka, si ya mwaka wa mwisho peke yake. Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa, usijitafsirie mwenyewe hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Usimwachie mtu yeyote diploma ya asili. Peleka nakala iliyothibitishwa. Na usimlipe mtu anayekuahidi "kurekebisha" alama, kwa maana shule za nje huandikia chuo chako kuuliza, na jina likishaharibika huko halisafishiki kwa barua.

Hatua ya 6. Barua ya motisha.

"Tangu utotoni nina shauku ya kusaidia jamii yangu" haimwambii msomaji kitu chochote. Mwandikie juu ya tatizo moja ulilolishika kwa mikono yako, katika eneo la afya unaloweza kulitaja, ulichojaribu, kilichokushinda, na somo gani katika orodha yao linaweza kukusaidia kukielewa. Chupa ya klorini niliyoitaja hapo juu ingetosha kwa ukurasa mzima. Usiitumie hiyo, tafuta ya kwako.

Hatua ya 7. Watakaokupendekeza.

Wachague watu waliokuona ukifanya kazi, na uwape muda wa kutosha. Shule nyingi hutaka barua itoke kwenye anwani ya barua pepe ya taasisi, na maprofesa wetu wengi hutumia anwani zao binafsi, kwa hiyo ulizia jambo hili mapema.

Hatua ya 8. Pasipoti: anza leo.

Hatua ya 9. Tuma dosie siku kadhaa kabla ya mwisho, kwa sababu umeme na intaneti havijui tarehe yako.

MASWALI YA WANACHAMA WA KUNDI LETU

Muuguzi, Kipushi: Asante sana, Yaya (dada mkubwa). Mimi nina gradua tu, ile ya uuguzi iitwayo A1, na nimefanya kazi katika kituo cha afya kwa miaka mingi. Naweza kuingia masta moja kwa moja?

Jibu: Karibu, dada. Usiichukulie kuwa lisansi ya LMD kwa sababu tu miaka ni mitatu. Uliza kwanza chuo chako wana utaratibu gani wa kuwahamisha wenye gradua kwenda LMD, na uwaombe jibu kwa maandishi. Huo uzoefu wako wa kituoni utakuwa na uzito mkubwa katika barua ya motisha, lakini hauzibi pengo la diploma.

Mwanachama, Kampemba: Somo ni refu mno. Nitumie tu majina ya shule zenye bursi na tarehe za mwisho.

Jibu: Majina yako katika hatua ya 3 na ya 4. Tarehe hubadilika kila mwaka, kwa hiyo zisome katika tangazo la shule yenyewe.

Mwalimu wa biolojia, Ruashi: Shikamoo. Mimi si muuguzi wala daktari. Ninafundisha sekondari na ninaongoza klabu ya afya ya wanafunzi. Je, mlango umefungwa kwangu?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Haujafungwa, na ninafurahi umeuliza. Shule nyingine hudai diploma ya sayansi za afya, lakini nyingine hupokea watu wa elimu, saikolojia, sosholojia na mawasiliano, kwa sababu fani hii ilijengwa na watu wa namna hiyo. Katika miaka ya 1950 wanasaikolojia wa huduma ya afya ya umma ya Marekani walijiuliza kwa nini watu hawakuja kupigwa eksirei ya kifua kikuu ingawa ilikuwa bure. Kutokana na swali hilo walijenga nadharia inayochunguza kama mtu anajiona yuko hatarini, kama anaiona hatari ni kubwa, anaona faida gani na kizuizi gani. Jaribu kumpitisha mama wa klorini katika maswali hayo manne, utaona jinsi yanavyofanya kazi. Wewe tayari unajua kuandaa somo, kuweka lengo na kupima kama darasa limeelewa, mambo ambayo wauguzi wengi hujifunza kwa shida. Anza sasa kuweka kumbukumbu za klabu yako: mlifundisha nini, mlipima vipi, nini kilibadilika.

Mwanachama, mtaa wa Kenya (Lubumbashi): Unaweza kuniandikia barua ya motisha? Nitalipa vizuri.

Jibu: Hapana. Ukiandika yako mwenyewe, nitaisoma bila malipo.

Mwanachama, Likasi: Samahani, lakini RECO wetu hufanya kazi hii yote bila masta. Mnaongeza diploma tu.

Jibu: RECO ninawaheshimu kuliko unavyodhani, na nimefanya nao kazi kwa karibu. Lakini kumbuka Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Chanjo ilikuwapo, na bado watu zaidi ya 3,400 waliugua na zaidi ya 2,200 kati yao walikufa. Vita na ukosefu wa usalama vilichangia sana, ila sehemu ya tatizo ilikuwa watu kutoziamini timu zilizokuja na magari, mavazi na ujumbe uliotungwa mbali nao. RECO waliyasikia malalamiko hayo mapema. Anahitajika mtu mezani, mahali ambapo ujumbe na bajeti hupangwa, anayejua kuyakusanya waliyoyasikia, kuyachambua na kuyatetea kwa ushahidi. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka watu wetu waisomee.

Mwanachama, Likasi: Nimeelewa, na asante kwa kunijibu kikamilifu. Basi niongeze: angalieni majina. Mimi nina jina, jina la pili na jina la ubatizo, na fomu ya nje ina nafasi mbili tu.

Jibu: Nyongeza nzuri sana, ndugu. Fuateni mpangilio wa pasipoti katika kila fomu, herufi kwa herufi. Kama diploma imeandikwa tofauti, hata kwa herufi moja, tafuteni hati ya kuthibitisha kwamba ni mtu yule yule kabla dosie haijaondoka.

Muuguzi, Kipushi: Yaya, nikimaliza masta nitahitaji kile cheti cha Marekani cha mtaalamu wa elimu ya afya, CHES?

Jibu: Kwa kazi ya hapa, hapana. Ni mtihani wa tume ya Marekani iliyoanzishwa 1988, na unawafaa wanaotafuta kazi huko. Hata hivyo orodha yao ya majukumu ya mwelimishaji wa afya ni nzuri kujipimia, nayo huanza na kutathmini mahitaji ya watu kabla ya kupanga chochote.

Mwalimu wa biolojia, Ruashi: Nisome nini nikisubiri?

Jibu: Anza na Mkataba wa Ottawa wa 1986, ni kurasa chache na upo kwa Kifaransa. Utaona kwamba kumpa mtu ujuzi ni eneo moja tu kati ya matano, na mengine yanahusu sera, mazingira, nguvu ya jamii yenyewe na mwelekeo wa huduma za afya. Kisha tafuta modeli ya PRECEDE-PROCEED ya Lawrence Green, inayoanzia kwenye maisha ambayo watu wanayataka na kurudi nyuma hadi kwenye sababu. Shirika la Afya Duniani lina kozi za bure mtandaoni. Kwa makala za kisayansi, muulize mkutubi wa chuo kilicho karibu nawe kama wamejiandikisha Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ambayo kwa kawaida hulipiwa. Nenda na flashi ya USB, upakue makala ukiwa palepale.