Kabla Hujanunua Programu ya Kuchora Mfarishi wa Viraka

Mwenzangu mmoja anayeshona karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, alinijia na laptopu ya mwanawe kwapani. "Dada, hii programu ya kuchora mifarishi ninunue ama niachane nayo?" Alikuwa ameitamani EQ8, ile ya kampuni ya Electric Quilt ya Ohio, Marekani. Bei yake inapita dola 200. Dola ikiwa shilingi 129, hizo ni zaidi ya 25,800. Tena haikai kwenye simu, inataka kompyuta ya Windows au Mac. Sikumjibu ndiyo wala la. Nilimpitisha hatua hizi.

Hatua ya 1: Chora mmoja kwa mkono

Nunua daftari la hesabu lenye miraba, lile la watoto wa shule, na penseli za rangi. Kitanda cha futi 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72. Ongeza inchi 12 za kuning'inia kushoto, kulia na miguuni, utapata 84 kwa 84. Ukigawa kwa bloku za inchi 12, yaani miraba mikubwa inayounganishwa kuwa mfarishi, ni saba kwa saba, jumla 49. Kila bloku iwe na viraka tisa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kitambaa, na ujipime saa

Kiraka cha inchi 4 hukatwa 4 na nusu, maana kila upande unaacha robo inchi ya mshono. Unahitaji viraka 441. Upana wa kitenge, ukitoa kingo, mimi huuhesabu inchi 42, kwa hiyo ukanda mmoja unatoa viraka tisa. Kanda 49 mara 4 na nusu ni inchi 220 na nusu. Kitenge cha yadi sita kina inchi 216. Umekwama ukanda mmoja kabla ya kumaliza!

Hapo ndipo programu inapostahili sifa, kwa sababu hesabu kama hiyo inaifanya papo hapo. Lakini inadhani unakata kutoka kwenye jora. Leso yenye pindo pande zote na jina lake chini haiijui, wala gunia la mapande yaliyobaki chini ya cherehani yako. Kama unashona mapande, kama wengi wetu, nusu ya faida yake imekwisha hapo.

Hatua ya 3: Jaribu ya bure

Pakua Inkscape, programu ya bure ya kuchora kwenye kompyuta. Weka vipimo viwe inchi, chora mraba, unakili, paka rangi. Jioni mbili zinatosha.

Hatua ya 4: Chapa kiolezo kimoja ukipime kwa rula

Kiolezo ni umbo la karatasi unalolifuata unapokata kitambaa. Usiruke hatua hii. Mimi niliiruka. Programu niliyokuwa nikiijaribu ilikuwa imewekwa karatasi ya Letter, ya Kimarekani, ambayo ina upana wa milimita 216. Saiba zetu zinatumia A4, milimita 210. Printa ikaupunguza mchoro wote ili uenee kwenye karatasi, na mimi sikujua. Kiraka cha 4 na nusu kikatoka karibu 4 na tatu ya nane. Kwa macho huoni kitu. Sasa zidisha kwa viraka 21 vya safu moja: mfarishi unapungua zaidi ya inchi mbili na nusu.

Ningekata vyote kwa kiolezo hicho, ungekuwa mdogo tu. Kosa langu ni kwamba vyeusi nilikata kwa kiolezo na vyeupe kwa rula. Kona zikakataa kukutana. Nililaumu cherehani, nikabadilisha sindano, nikalegeza uzi, nikafumua safu nne. Siku nzima imeisha ndipo nikaweka rula juu ya karatasi.

Basi: badilisha karatasi iwe A4 ndani ya programu kwanza. Ukifika saiba, mwambie kijana achape asilimia 100, si "fit", ile inayopunguza mchoro ili uenee. Kisha pima palepale kabla hujalipa. Pima pande zote mbili, ule wa mlalo na ule wa wima. Mraba mkubwa usioenea kwenye ukurasa usiuchape kabisa. Ukate kwa rula. Kusema kweli, mraba wowote mimi siuchapii kiolezo tena. Violezo naviachia maumbo yaliyopinda.

Hatua ya 5: Amua

Jiulize ni kipi kilichokuchosha katika hatua ya 2. Kama ni hesabu, na unashona mifarishi kila mwezi kwa wateja wanaotaka kuona rangi tatu nne kabla ya kutoa amana, nunua. Unalipa mara moja. Halafu anza kwa kuchora mfarishi uliokwisha kuushona, ili ulinganishe yadi zake na ulizotumia kweli.

Mwenzangu hushona mitatu kwa mwaka, ya harusi. Siku nyingine zote ni sare za shule. Laptopu alimrudishia mwanawe, daftari akabaki nalo. Ile ya kupima karatasi aliniomba nimwandikie, ndiyo hii.